Kabla Hujapanda Mashua ya Baba Mkubwa

Zaituni mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Ipuli kuwaaga wenzako, na mama yako yuko uani anakukaangia karanga za njiani. Mimi nimefunga mlango wa karakana na kumwambia yule mteja wa kitanda kwamba nakwenda kuswali alasiri. Adhana bado. Kwa hiyo barua hii imeanza na uongo mdogo, na ndani yake utakutana na mwingine mkubwa zaidi. Ndiyo maana nimeona niandike badala ya kukwambia usoni. Usoni nimejaribu mara tatu wiki hii. Mara ya mwisho ulikuwa unafua, nikaja nikasimama mbele yako, nikaishia kukuuliza kama sabuni inatosha.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameshakwambia ukae upande gani wa behewa, begi ulifunge vipi na ufanye nini treni ikichelewa Kaliua. Nikiongeza ya kwangu utanisikiliza kwa heshima tu, na mawazo yako yatakuwa yameshafika ziwani. Barua hii mama yako ataiweka chini ya karanga. Usiisome stesheni. Isome treni ikishaiacha Urambo, ukiwa umetulia.

Nina jambo moja tu, na nimekuwa nalo tangu kabla hujazaliwa. Nimechoka nalo. Uchovu wa kazi naujua. Magoti yanauma, mgongo unakaza, nikilala vinapungua. Huu mwingine naamka nao.

Wiki mbili zilizopita ulikuja kuniambia kwamba Baba mkubwa Shabani anakuhitaji Ujiji. Ulisema kutakuwa na maandamano ya mashua za tanga kutoka Ujiji kuzunguka mpaka ghuba ya Kigoma, kwamba anataka wewe uwe mtu wake wa kamba, na kwamba yakiisha ungependa ubaki kwake ujifunze kuunda mashua. Nilikujibu neno moja: "Nenda." Ukabaki umesimama pale mlangoni. Ukasema, "Baba, umenisikia vizuri?" Nikasema nimekusikia. Ukaondoka kinyumenyume, kama mtu anayeogopa nitabadilisha mawazo ukinipa mgongo. Sikukulaumu. Mtu aliyekukataza miaka saba iliyopita kwa ukali ule, leo anakwambia nenda bila hata kuinua macho kwenye randa, lazima ushangae.

Nataka ujue kwa nini nilikukataza.

Unajua nilizaliwa Ujiji, na unajua babu yako alikuwa fundi wa mashua. Usilolijua ni kwamba mimi nilikuwa nahodha, tena mzuri. Umekua ukisikia kwamba baba anaogopa maji. Mimi mwenyewe niliwaachia watu waamini hivyo kwa sababu ilikuwa rahisi. Siogopi maji, mama. Ningekuwa nayaogopa nisingekuwa na cha kukuandikia leo.

Babu yako aliunda mashua mbili zinazofanana, akampa kaka Shabani moja na mimi moja. Tulibeba mawese, chumvi, dagaa, na abiria wa vile vijiji vya pwani ya ziwa visivyokuwa na barabara. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, Shabani ananizidi minne. Aliyetufundisha wote wawili alikuwa Mzee Kibwana, baharia wa babu yako tangu ujana wao, mtu mfupi, vidole vimepinda kwa kushika kamba, ambaye hakuwahi kutupigia kelele hata tulipomvunjia chungu chake cha uji ndani ya mashua.

Mwaka huo likaja agizo kwamba kuna mgeni mkubwa anakuja Kigoma, na mashua zote za tanga zilizobaki zipite kwa mstari mbele ya jukwaa lake. Maboti ya injini yalikuwa yameshatunyang'anya mizigo mingi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu tukaonekana watu. Tulizikwangua mashua, tukazipaka mafuta, bibi yako na majirani wakashona matanga mapya ya kitambaa cha marekani wakiimba. Tulikuwa mashua tisa. Babu yako ndiye aliyepanga mstari.

"Shabani atatangulia," akasema. "Rajabu amfuate."

"Mashua yangu ina kasi kuliko yake," nikasema.

Babu yako akanitazama. "Sijaita mashindano. Nimeita mstari."

Nikarudi kukwangua mashua. Lakini neno lile nilikaa nalo siku nne zote za matayarisho. Nilikuwa nimevaa viatu alivyoacha Shabani, nimesomea madaftari aliyoyabakiza kurasa, na sasa ningepita mbele ya dunia nzima nikitazama mgongo wake. Nakuandikia haya kwa sababu usije ukadhani nilikuwa nimemchukia. Nilimpenda. Asubuhi ya siku yenyewe nilimsaidia kuiteremsha mashua yake majini kabla ya yangu, na nikambebea Mzee Kibwana birika lake la chai. Nilikuwa mtu mwema kabisa asubuhi ile, Zaituni. Hilo ndilo linalonichosha zaidi nikilikumbuka.

Tuliondoka upepo wa kusini ukiwa nyuma yetu. Shabani mbele na Mzee Kibwana; mimi nyuma yao na jirani yetu Athumani, aliyekaa mbele ya mlingoti kushika kamba, mgongo ameuelekeza tunakokwenda na tanga limemziba asione nyuma. Ufukweni vigelegele. Tukakata maji vizuri mpaka tulipoanza kuizunguka Rasi ya Bangwe. Hapo upepo ukageuka. Ukatupiga ubavuni kutoka upande wa Kongo, wa ghafla na mkali.

Foromali ya Shabani, ule mti mrefu unaobeba tanga, ilivunjika katikati. Nilisikia mlio wake. Tanga likaanguka majini, likajaa, likaivuta mashua kwa ubavu. Ikalala, ikanywa maji, ikapinduka. Nilikuwa kama hatua sitini nyuma. Nikapita upande wa nje. Niliona kichwa cha Shabani kikitokeza, kisha nikamwona anamvuta Mzee Kibwana kwa ukosi wa shati mpaka akamfikisha kwenye mashua iliyopinduka. Akainua mkono mmoja. Hakupiga kelele, unamjua Baba mkubwa wako, si mtu wa kelele.

Ningeweza kushusha tanga. Ni kufungua fundo moja na kuachia kamba. Nilikuwa nimeshafanya hivyo mara elfu. Lakini ghuba ilikuwa imefunguka mbele yangu, nikaona bendera, nikaona jukwaa na watu wamejaa bandarini, na mbele yangu hapakuwa na mashua yoyote. Wa kwanza nilikuwa mimi.

Nikajiambia boti ya bandari itawachukua. Nikajiambia nikisimama hapa mstari mzima utagongana. Nikajiambia Shabani anaogelea kuliko mimi. Yote hayo nilijiambia kwa muda mfupi kuliko huu unaoutumia kuyasoma. Nikageuka, nikatazama mara moja. Macho yetu yakakutana. Halafu nikatazama mbele.

"Nimesikia kama kishindo," Athumani akasema kutoka nyuma ya tanga. "Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu. Shika kamba."

Mashua saba zilizonifuata nazo hazikusimama. Baadaye manahodha wake walisema waliniona mimi, ndugu wa damu wa Shabani, napita, wakajua nimeshaona kwamba msaada unakuja. Kila mmoja alimtazama aliye mbele yake.

Sitakudanganya kwamba nilipita pale mbele ya jukwaa nikilia moyoni. Nilifurahi. Watu walipiga makofi, ngoma zikalia, mgeni akasimama akapunga mkono, na mimi nikaipunguza kasi kidogo ili nipite taratibu wanione. Baadaye nikaitwa nikapewa redio ya betri mbele ya umati, kama nahodha aliyeongoza maandamano. Athumani alinikumbatia. Wakati huo Shabani na Mzee Kibwana walikuwa bado wamening'inia kwenye mashua. Boti za injini zote zilikuwa zimeegeshwa bandarini kutazama sherehe. Waliowaokoa ni wanawake waliokuwa wanaanika dagaa ufukweni Katonga. Ndio walioona, wakasukuma mtumbwi wa waume zao na kwenda wenyewe. Zilikuwa zimepita karibu saa mbili.

Nilirudi Ujiji nimebeba redio begani. Shabani alikuwa amekaa barazani amejifunika blanketi, bibi yako anamsugua miguu kwa mawese ya moto. Mzee Kibwana walikuwa wamemlaza ndani, anatetemeka. Babu yako akaniuliza swali moja tu.

"Hukuwaona?"

"Sikuwaona, baba. Tanga lilinizuia."

Ilikuwa jibu zuri. Kila mtu wa ziwani anajua tanga linaziba upande mmoja. Babu yako akatikisa kichwa, akasema ni bahati mbaya, akaenda kuangalia ile foromali kama ilikuwa na ufa. Akamlaumu mti. Shabani alinisubiri mpaka bibi yako alipoingia ndani kuchukua mawese mengine, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba apishwe:

"Nilikuona ukigeuka."

Basi. Hakurudia tena, si siku ile wala baadaye, na hakumwambia baba yetu. Laiti angenipiga. Nilikaa Ujiji wiki tano nikisubiri anipige. Alikuwa akinipa mkono asubuhi, tunakula sinia moja, ananisogezea samaki. Mzee Kibwana hakurudi tena majini. Kifua kilimbana, kikamwachia, kikambana tena, na masika ya mwaka uliofuata akafariki. Hakuna aliyesema ni yale maji. Hakuna aliyesema siyo.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshakimbilia hapa. Niliaga kwamba Tabora kuna kazi ya useremala na mbao za mninga kwa wingi, jambo ambalo lilikuwa kweli. Babu wa babu yako alikuwa mpagazi. Aliipita njia hii kwa miguu na mzigo kichwani, miezi na miezi, Ujiji mpaka Tabora na kuendelea. Mimi nilikuja nimekaa kwenye kiti cha treni, siku moja, na begi dogo mapajani, na niliposhuka nilikuwa nimechoka hata sikuweza kuuliza njia. Ile redio niliiacha juu ya kabati la bibi yako. Mashua yangu nilimwachia Athumani.

Mengine unayajua. Nilipata kibanda, nikapata wateja, nikaenda Urambo kununua mbao nikamkuta mama yako kwa baba yake mkulima wa tumbaku, akanicheka kwa jinsi nilivyokuwa nalamba vidole kabla ya kushika ubao. Maisha yalikuwa mazuri, na nilikuwa nafanya kazi mpaka nikianguka kitandani sioti. Nilidhani hiyo ndiyo dawa. Kila nilipotengeneza mlango mzuri nilihisi kama nimepunguza kitu mahali fulani. Haikuwa hivyo; milango ilikwenda kwa wenyewe, na kitu kile kilibaki kwangu.

Mwaka mmoja nikasikia Shabani anaunda mashua mpya. Nikachagua mbao za mninga bora kuliko zote nilizowahi kupata, zilizonyooka, zilizokauka vizuri, nikazisafirisha kwa treni mpaka Kigoma bila kuandika barua. Nilidhani mbao zitasema. Baada ya miezi miwili akaja mtu na salamu: "Shabani anakushukuru. Zile mbao amemtengenezea mama kitanda. Mashua yake ameshapata mbao." Nilicheka siku ile, maana kama ungekuwa wewe ndiye Shabani ungejibu vizuri zaidi? Kitanda hicho ndicho ulichokuwa ukilalia na bibi yako kila likizo.

Hapo sasa nafika kwako.

Mama yako alianza kukupeleka Ujiji ukiwa na miaka tisa. Mimi kila mwaka nilikuwa na kazi ya haraka ya kunizuia. Ulirudi mweusi kwa jua, unanuka samaki, una maneno mapya, na mimi sikuuliza mchana ulikuwa unashinda wapi. Mpaka siku ile uliponisaidia kufunga meza juu ya mkokoteni hapa karakana. Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Ulizungusha kamba mara mbili, ukaipitisha chini, ukavuta, na lile fundo likakaa. Nililijua. Hakuna mtu wa Tabora anayefunga hivyo. Nikakushika mkono, nikaugeuza kiganja, nikaona sugu.

"Nani kakufundisha hili fundo?"

"Baba mkubwa," ukasema, unatabasamu. "Baba, najua hata kushika usukani! Nilitaka nikushangaze."

Unakumbuka nilivyokujibu. Karakana nzima ilinisikia. Nilisema mtoto wa kike hana kazi ndani ya mashua, nilisema maji yatakuua, nilisema Ujiji hutatia mguu tena. Ulilia siku mbili, ukaacha kula, mama yako akanibembeleza, na mimi nikakaza. Yote niliyoyasema yalikuwa uongo. Nilichokiogopa ni kwamba mmekaa kwenye mashua moja, wewe na yeye, saa nyingi, na kwamba siku moja angekusimulia. Nilikuogopa wewe. Niliogopa utakavyonitazama ukirudi.

Katazo lile lilidumu miaka miwili, na katika mwaka wa pili bibi yako akafariki. Alikuwa ameniletea salamu mara tatu: "Nileteeni wajina wangu nimwone." Mara ya kwanza nikasema una mitihani. Ya pili nikasema treni si ya kuaminika. Ya tatu sikujibu. Ulipomwona tena alikuwa ameshafungwa sanda, na ulimgusa mguu juu ya kitambaa, mimi nimesimama nyuma yako, na hukunilaumu kwa neno hata moja. Ulijua ni mimi niliyekuzuia; hukujua sababu. Sasa unaijua. Lile la Bangwe nilimtendea kaka yangu. Hili nilikutendea wewe, na nililitenda kulificha lile. Naomba unisamehe, mwanangu. Sikuombi uifanye haraka.

Siku ya mazishi mimi na Shabani tulibeba jeneza upande mmoja, yeye mbele, mimi nyuma yake. Maneno tuliyoambiana siku ile nzima ni haya: "Shika vizuri hapo." Na mimi: "Nimeshika."

Sina mawaidha mengi, na hata ningekuwa nayo ningeona aibu kuyatoa. Wewe ungesimama pale Bangwe, najua. Lakini hata mimi asubuhi ile, mtu angeniuliza, ningemwapia kwamba nitasimama. Nimefikiri miaka mingi nikadhani kosa langu lilikuwa kiburi, baadaye nikadhani lilikuwa woga. Sasa nimechoka kulitafutia jina. Ninachokijua kwa hakika ni kwamba palikuwa na nafasi ya pili. Palikuwa na ile baraza, na babu yako ameuliza, na Shabani ananitazama kutoka ndani ya blanketi. Ningesema, "Niliwaona, baba, nikapita," ningepigwa, ningefukuzwa, labda nisingepewa mashua tena. Lakini ingekuwa siku moja. Nisingeilipia kwa miaka ya bibi yako na yako. Kama utakuja kumkosea mtu, na utamkosea, mwambie siku ileile, kabla hamjala chakula cha jioni. Ukishakula naye sinia moja bila kusema, kesho inakuwa ngumu zaidi, na keshokutwa unaanza kutafuta treni.

Jana nilimwambia mama yako. Ulikuwa umelala mchana, yeye anachagua mchele. Nilianza mwanzo mpaka mwisho kama nilivyokuandikia. Hakuacha kuchagua mchele.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Hilo la kugeuka. Shemeji aliniambia mwaka ule wa kwanza nilipompeleka Zaituni. Akaniomba nisikuulize. Alisema utasema mwenyewe siku ukichoka."

"Miaka yote hiyo umekaa nalo kimya?"

Akaniangalia. "Na wewe je?"

Akamaliza mchele, akainuka, akapita nyuma yangu, akaniweka mkono begani kidogo tu, kama unavyojua hapendi mambo mengi. Kisha akasema, "Huyo wa kumwambia siyo mimi. Simu yangu ipo pale, ina chaji."

Ilinichukua mpaka leo asubuhi. Ulipotoka kwenda sokoni nikaichukua.

"Haloo, shemeji," akasema Shabani.

"Ni mimi, Rajabu. Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Nyuma yake nilisikia nyundo inagonga. "Mtoto anaumwa?"

"Haumwi. Anaondoka kesho kama mlivyopanga."

"Basi kuna nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Yote yakapotea. "Siku ile ya Bangwe niligeuka, nikakuona, nikapita. Tanga halikunizuia kitu. Nilimdanganya baba."

Nyundo ikanyamaza. Nikadhani simu imekatika.

"Rajabu," akasema, "mimi nilikuwepo. Unanisimulia nini?"

"Nataka unisamehe."

Hapo nilisikia ziwa, Zaituni. Nilisikia maji yanapiga mawe kwenye simu ya mama yako, nimesimama hapa kwenye vumbi la mbao.

"Mama aliniuliza kabla hajafa," akasema. "Shemeji ameniuliza. Hata Athumani ameniuliza. Umemsamehe mdogo wako? Nawajibu sijui. Mwenyewe hajawahi kuniuliza."

"Sasa nakuuliza."

"Nina misumari mdomoni, Rajabu. Hilo si la kujibu kwenye simu. Treni si ipo?"

"Nitakuja siku ya maandamano."

"Njoo kabla. Jumamosi ya maandamano nitakuwa na kazi." Akakata.

Nilikaa chini palepale sakafuni, nimechoka kama mtu aliyeteremsha gogo zito. Sikulia. Sikujisikia mwepesi kama watu wanavyosema. Nilijisikia na miaka yangu yote hamsini na moja, na nikatamani kulala, na nikalala kidogo kweli, kichwa kwenye gunia la maranda, mpaka yule mteja wa kitanda alipokuja kugonga.

Nimemwambia nitakwenda. Lakini nimeshawahi kusema hivyo mara nyingi, wewe unajua kuliko mtu yeyote, kwa hiyo usimwahidi mtu kwa niaba yangu, wala usije stesheni kunisubiri. Fanya kazi iliyokupeleka. Sikiliza anavyokufundisha, hasemi mara mbili. Ila kuna jambo moja nakuomba ukifika. Kile chumba cha uani kwa marehemu bibi yako, nasikia kuna mtu anataka kuhamia. Mwambie Baba mkubwa asimpe mtu yeyote ufunguo mpaka Ijumaa ipite.

Mimi baba yako,
Rajabu